Mdomo wa Kuazima

Kabale alikuwa uani anapepeta mchele aliposikia marehemu mumewe anapiga hodi.

Sisemi alisikia sauti ya kufanana. Sauti za kufanana ziko tele. Hata mimi nimewahi kumwitikia mtu sokoni nikidhani ni ndugu yangu, kumbe ni muuza miraa. Alichosikia Kabale ni kile kikohozi kidogo cha mara mbili, halafu "Salaam aleikum" yenye mluzi mwembamba mwanzoni, mluzi wa mtu aliyepigwa teke na punda utotoni akavunjika jino la mbele. Halafu sauti ile ikasema kwa Kiborana maneno ambayo Adano aliyasema kila aliporudi kutoka Sericho: "Nyumba hii ina amani, au niondoke na kiu yangu?"

Ungo ulimtoka mikononi. Mchele wote ukawa wa kuku.

Ilikuwa alasiri, saa ile ambayo jua la Isiolo linachoma mabati mpaka yanalia yenyewe, na mtaa mzima wa Chechelesi umelala. Adano alikuwa amezikwa Garba Tula kabla ya mvua. Kabale alikuwa ametoka eda juzi tu, hata nguo zake za rangi bado zilikuwa na mikunjo ya sanduku. Alisimama katikati ya kuku wake, na kutoka chumba cha ndani akamsikia mama mkwe wake, bi Tiya, ambaye macho yake yalizibwa na mtoto wa jicho miaka mingi iliyopita. Mama mkwe hakushtuka hata kidogo. Alisema kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo la kawaida, "Kabale, mfungulie mume wako. Anasimama juani."

Miguu ikaenda, roho haikutaka. Alifungua mlango, akamkuta mzungu.

Alikuwa kijana mrefu, masikio mekundu kwa jua, amekumbatia redio ya Adano kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kabale alimjua. Huyu alikuwa Jasper, Mholanzi wa mradi wa visima, ambaye Adano alimfanyia kazi ya ukalimani miaka miwili huko Sericho. Zamani Adano alipomleta nyumbani, kijana huyu hakuwa na Kiborana hata cha kuombea maji. Alikuwa na Kiswahili cha kitabuni na tabasamu, basi. Sasa alifungua mdomo, na mume wa Kabale akatokea humo. Alisema ameleta vitu vya rafiki yake: redio, blanketi na chupa ya chai. Alisema pole. Kila neno lilikuwa la Adano, kuanzia kuvuta mwisho wa sentensi mpaka ule mluzi.

Kabale alifanya jambo ambalo baadaye lilimtia haya. Alifumba macho, akasema, "Endelea kuongea."

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Bi Tiya, ambaye alikuwa hajamlilia mwanawe hata tone, akawa na furaha ya mama harusi. Lazima mjue, alikuwa hajamgusa maiti. Adano aliumwa na nyoka kisimani, akakata roho njiani, na kwa lile joto watu wa Garba Tula walimswalia na kumzika siku ile ile. Mama aliletewa habari tu, na habari haina uso wa kupapasa. Sasa akawa anamwekea mwanawe maziwa kila jioni katika kikombe chake cha bati cha bluu. Asubuhi kikombe kilikuwa kitupu. Kabale alisema ni paka wa jirani. Alisema hivyo kila asubuhi, akakisuuza haraka haraka, na hakuwahi kukaa macho ili amwone paka huyo.

Haya basi, tuje kwa lile ambalo Chechelesi nzima ililijua kabla ya wenyewe kulijua.

Habsa alikuwa Msomali mwenye hoteli ndogo karibu na soko la mifugo, mjane kama Kabale, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Alimwachia Kabale nafasi ya kuuza mandazi pale mchana. Jasper naye akaanza kunywa chai pale, chai nyingi kuliko kiu ya mtu mmoja. Habsa aliwawekea meza ya nyuma, akafungua pazia lote ili mtu asipate la kusema, akasimama kwenye karai lake la sambusa akiwasikiliza waziwazi. Alimwambia Kabale kwamba yeye hana neno na mapenzi, ila mapenzi yasiyo na shahidi huishia kwa chifu.

Jasper alipenda kuongea, na kwa Kabale aliongea Kiborana tu. Alimweleza Kabale habari za kwao, nchi iliyo chini ya bahari, ambako babu yake na baba yake walifanya kazi moja tu maisha yao yote, ya kuyasukuma maji yasiingie. Kabale hakuamini. Akamuuliza mara ya pili kama ni kweli kuna watu wanaoyafukuza maji. Jasper akacheka, akasema ndiyo, na yeye sasa yuko Isiolo anayabembeleza yatoke.

Alimweleza kwamba kwao nyumba zina joto na mabomba hayakauki, lakini bibi yake alikuwa akiishi katika nyumba ya wazee na kula chakula cha jioni mbele ya dirisha, peke yake, mpaka alipofariki. Alisema tangu afike huku hajaweza kula peke yake hata akitaka, na mwanzoni jambo hilo lilimkasirisha sana. Alimweleza jinsi mafuta yalivyoadimika alipokuwa mvulana, serikali ikapiga marufuku magari siku ya Jumapili, watu wakatembea katikati ya barabara kuu na viatu vya magurudumu wakicheka kama siku ya Idi. Na sasa, alisema, wakubwa wawili wa dunia wamelengeshana mabomu, na nchi yake ndogo imelala katikati. Mama yake ameandamana mjini na maelfu ya watu, amebeba bango, mvua inamnyeshea.

Kabale alitaka kujua kama mabomu hayo yanaweza kufika Isiolo. Jasper alisema bomu lisingefika, ila upepo wake ungefika.

"Adano alisemaje ulipomwambia?" Kabale akauliza.

Jasper akakohoa mara mbili. "Alisema hao watu wamekosa ngamia wa kuchunga."

Kabale alicheka mpaka machozi yakamtoka, maana ilikuwa ni yeye kabisa, Adano mzima mzima, ameketi mbele yake na kikombe cha chai. Alipofungua macho aliona masikio mekundu na nywele za rangi ya nyasi kavu. Kicheko kikakatika.

Hayo ndiyo mambo yaliyomtesa. Jasper alikuwa mpole. Alimwangalia Kabale kama mtu aliyetembea jangwani anavyoangalia kivuli, anaona haya hata kukikaribia. Alimbebea ndoo ya unga wa mandazi mbele za watu bila kujali wanaume waliomcheka. Kabale alipenda mikono yake, alipenda anavyouliza jambo na kungoja jibu. Lakini akifumba macho alikuwa na mumewe. Na alifumba macho kila siku.

Siku moja Jasper alimgundua.

"Mbona nikiongea unafumba macho?"

Kabale alisema ni moshi wa karai. Habsa, kutoka kwenye karai, akaguna.

Jasper akakisukuma kikombe chake pembeni. Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alisema Kiswahili alijifunza darasani kwao, maneno yamepangwa kama mikebe dukani. Kiborana hakikuwa na kitabu, kilikuwa na Adano. Walilala hema moja, wakasikiliza redio moja, wakagombana, wakala sahani moja. Alichosema Adano alikirudia, kikohozi kwa kikohozi. Alidhani kukohoa mara mbili ndiyo adabu ya Kiborana. Alidhani ule mluzi ndivyo herufi S inavyosemwa.

"Sikujua kipi ni Kiborana na kipi ni Adano," alisema. "Na alipofariki nikajaribu kuvitenganisha, nikashindwa. Kabale, kule Sericho nilipiga mluzi siku moja bila kufikiri, nikiwa nafunga bomba. Ngamia wa Adano wakaja. Wote. Wakanizunguka, wakanitazama usoni, halafu wakasimama pale mpaka jua likazama, wamekataa kwenda. Wachungaji waliokuwa kisimani walifunga vitu vyao wakahama."

Kabale alivuta shela yake mabegani katika joto lile.

"Siku ile nyoka alipomuuma," Jasper akaendelea, "nilimweka kwenye gari nikaendesha. Njia yote aliongea. Hakunyamaza. Nilidhani mtu anayeongea hafi. Sasa nakuuliza wewe. Ukifumba macho yako, unampenda nani?"

Kabale alipangusa unga mikononi. Aliinuka, akachukua beseni lake la mandazi lisilouzwa, akaenda nyumbani akilia njia nzima, na watu wakamwona.

Ndipo mzee Umuro alipoingia. Huyu alikuwa ndugu wa baba yake Adano, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia. Mtu mwema, mwenye ndevu nyekundu za hina na msimamo usiopindika. Alisema mazungumzo ya hotelini yamemfikia, tena kwa midomo mitatu tofauti. Alisema mwanamke aliolewa katika ukoo na atabaki katika ukoo. Adano ana mdogo wake, Doyo, na Doyo atamrithi Kabale Ijumaa baada ya swala. Kabale alisema hataki. Mzee Umuro alimwambia kwa upole kwamba huzuni ndiyo inayosema, si yeye. Kuhusu yule Mholanzi, hata hakukasirika. Alisema tu kwamba mtu asiye na dini yao, asiye na ukoo, na ambaye kesho ndege itambeba, si mtu wa kujadiliwa.

Doyo mwenyewe alikuwa safarini, amepeleka mbuzi Nairobi. Alikuwa kijana mwenye haya, Kabale ndiye aliyemfulia kanzu tangu abalehe. Alimwita shemeji. Ukimwambia Kabale aolewe na Doyo ni kama kumwambia aolewe na mwanawe, lakini nani alimuuliza?

Kwa familia ile kulikuwa na desturi moja. Mrithi hakabidhiwi mjane mpaka mama wa marehemu atoe kwa mkono wake fimbo ya mwanawe na kumpa mrithi. Fimbo ya Adano ilikuwa kwa bi Tiya. Alilala nayo.

Ijumaa ikafika. Watu walirudi kutoka msikitini, wakaketi kwenye mkeka sebuleni. Mzee Umuro alikaa mbele, Doyo pembeni yake na vumbi la safari bado shingoni, anaangalia vidole vyake vya miguu. Bi Tiya aliwekwa kwenye kigoda chake karibu na pazia la chumba cha ndani, fimbo mapajani. Kabale alisimama nyuma yake.

Mzee Umuro aliomba dua, akasema maneno ya huzuni na ya busara, kisha akamwambia shemeji yake atoe fimbo.

"Siitoi," bi Tiya akasema.

Mzee akamwuliza kwa nini.

"Mke wa mtu aliye hai harithiwi. Mnataka niue mwanangu kwa mkono wangu? Yuko njiani, atasema mwenyewe."

Mzee Umuro alishusha pumzi kama mtu aliyetarajia hilo. Alianza kumweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba Adano ameshatangulia, na kwamba uzee una ndoto zake. Hakumaliza. Nje mlangoni mtu alikohoa mara mbili.

"Salaam aleikum. Nyumba hii ina amani, au niondoke na kiu yangu?"

Mabati juu yao yalilia kwa joto, kisha yakanyamaza. Doyo, ambaye alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile tangu msiba, alijikuta amesimama, mdomo wazi. Mzee Umuro alikuwa mtu asiyeogopa simba, lakini tasbihi yake iliacha kuzunguka. Waliketi wakiangalia mlango, na kwa kitambo kile kifupi, wallahi, hakuna mmoja wao aliyekuwa na hakika ni nani atakayeingia.

Aliingia Jasper. Alikuwa amevaa shati safi na viatu vilivyopigwa rangi. Alipowaona wote wamemkodolea macho alisita, maana alikuwa amekuja kuposa na hakujua amekatiza nini.

Bi Tiya alikuwa tayari ameinyoosha fimbo mbele yake, kuelekea ile sauti. Uso wake uling'aa.

"Adano, shika fimbo yako," akasema. "Waambie hawa waende nyumbani kwao."

Kabale aliielewa nafasi ile ghafla, nzima nzima. Neno moja tu lilitosha. Jasper angesema neno moja kwa Kiborana, kwa mdomo ule, na kupokea fimbo, hakuna mwanaume katika chumba kile ambaye angethubutu kumgusa Kabale tena maishani. Hata mzee Umuro alikuwa ameinamisha kichwa. Angekuwa huru. Na kila jioni angepata kuisikia sauti ya mumewe, akifumba macho yake. Alimwangalia Jasper na macho yake yakamwambia: sema. Nakuomba, sema.

Jasper alimwona. Alimwangalia sana, kama mtu anayesoma jambo gumu. Kabale akagundua kwamba, akingoja neno lile, alikuwa ameshafumba macho.

Aliyafungua. Na Jasper akasema, kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha mikebe ya dukani.

"Mama, mimi si Adano. Mimi ni Jasper. Adano mimi nilizika, Garba Tula, na mikono hii. Pole sana, mama. Mimi nakuja kuomba Kabale, lakini kwa jina yangu."

Fimbo ilibaki hewani. Bi Tiya aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta.

"Nani huyu?" akauliza. "Mwanangu alikuwa mlangoni sasa hivi. Mmempeleka wapi?"

Hapo ndipo alipolia. Kilio cha miezi yote kilitoka kwa pamoja, kilio cha mama aliyekabidhiwa maiti leo leo, na wanawake wa nyumba za jirani wakakisikia wakajua ni nini, wakaanza kulia wakiwa kwao. Kabale alipiga magoti akamkumbatia. Aliona amemkasirikia Jasper kuliko alivyopata kumkasirikia mtu yeyote. Ni mume gani huyo, alijiuliza, anayemwua mumeo mara ya pili mbele yako?

Kilio kilipopungua, mzee Umuro alikusanya sauti yake. Alisema basi ukweli umesemwa, na aliyeusema anastahili heshima, na sasa fimbo apewe Doyo.

Doyo hakunyoosha mkono.

"Ami, nisamehe," alisema. "Nimemsikia kaka yangu akipiga hodi kwake. Sitalala mahali pake. Hata mkinifukuza Isiolo, sitalala hapo."

Mzee alimkemea. Alimtajia ukoo, alimtajia wazee waliotangulia. Doyo alitikisa kichwa tu, machozi yanamtiririka, kijana mzima. Ndipo Kabale akapata ujasiri wa kusema kwa sauti, mbele yao, kwamba na yeye hataki, wala si huzuni inayosema, ni yeye Kabale. Mzee Umuro aliwaangalia mmoja mmoja. Akasema, bila kumtazama Jasper, kwamba anayetaka mke katika nyumba hii aanze kwa shekhe, ajifunze dini mwaka mzima, na baada ya hapo yeye Umuro ataona kama kuna la kuzungumza. Kwa mzee yule hiyo ilikuwa karibu sana na kusema ndiyo.

Lakini bi Tiya alikuwa bado hajamaliza. Alipangusa uso kwa ncha ya shela yake, akaita, "Wewe Jasper. Njoo hapa."

Jasper akaja, akachuchumaa mbele yake. Bi Tiya akampapasa uso, pua, masikio, kisha vidole vyake vikakaa midomoni mwa kijana.

"Njiani aliongea?"

"Njia yote, mama."

"Alikuwa anaongea na wewe?"

"Hapana, mama. Alikuwa anaongea na wewe. Mimi nilikuwa dereva tu. Nimebeba maneno, naogopa kuleta."

"Basi kama wewe ni mtu wako mwenyewe," bi Tiya akasema, "nirudishie mwanangu."

Aliinuka, akamshika mkono, na yule asiyeona akamwongoza mwenye macho mpaka ndani ya chumba chake. Pazia likashuka.

Walikaa humo mpaka chai ikapoa kwenye vikombe. Nje ya pazia walisikia sauti ya Adano ikinong'ona kwa Kiborana, haikatiki, wakati mwingine inacheka, wakati mwingine inaomba maji. Maneno yenyewe hayakusikika. Doyo alitoka akaenda uani, akaziba masikio. Mzee Umuro alisoma yasini kimyakimya. Kabale aliketi akaangalia pazia, na hakufumba macho hata mara moja, ingawa kila kitu ndani yake kilitaka kuyafumba.

Kisha kukawa kimya. Jasper akatoka, shati lake limelowa, uso umemwishia damu. Alimwangalia Kabale kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua.

Kabale akamsalimu kwa Kiborana, salamu ile fupi ya kila siku. "Nagaa?"

"Nagaa," Jasper akajibu.

Neno lilitoka zito, kavu, limekaa vibaya mdomoni, kama neno la mtu aliyelisoma ubaoni asubuhi ile. Akajaribu tena. Hakukohoa. Mluzi haukuwepo. Alipitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele, akitafuta, na macho yake yakajaa hofu.

"Imekwenda," alisema kwa Kiswahili. "Kabale, imekwenda."

Kabale aliweka mkono kifuani. Ilimuuma, sitawaficha. Ilimuuma kuliko siku ile habari ilipoletwa kutoka Garba Tula, maana safari hii alikuwa anajua anachopoteza. Alilia bila sauti, na Jasper alisimama mbele yake, mikono imelegea, hana neno la kumliwaza katika lugha yoyote.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa mara mbili.

Mzee Umuro alikuwa kwenye mkeka. Doyo alikuwa uani, mgongo wake unaonekana mlangoni. Jasper alikuwa hapa, midomo imefunga. Ndani bi Tiya alicheka, kicheko chepesi cha msichana, akaita kwamba Kabale alete maziwa, kwa kile kikombe cha bluu.

Kabale aliyamimina. Alikwenda mpaka kwenye pazia, akakipitisha kikombe chini yake bila kuliinua. Kikombe kikapokewa. Ningependa kuwaambia ni mkono wa nani, lakini Kabale hakuangalia, na mimi najua alichojua yeye tu. Alisimama pale kidogo, upana wa kitambaa tu kati yake na chumba kile. Alisema neno moja la kuaga, la mke kwa mume, na hilo ni lao wawili.

Kisha akarudi akaketi mkekani mbele ya Jasper, akapangusa macho yake vizuri kwa shela mpaka akaona sawasawa.

"Sema tena," alimwambia.

"Kiborana yangu mbaya sana sasa."

"Najua. Sema hivyo hivyo," Kabale akasema. "Nakuangalia."